Wazee Waliofaulu Kupita Kiasi

Wageni wa mradi walisema watafika saa mbili asubuhi, na mgeni akisema saa mbili, mwenyeji mwenye akili hupanga ya saa nne. Joyness akili hizo hakuwa nazo. Saa moja na nusu alikuwa ameshawapanga wazee wake kwenye mabenchi ya uwanja wa kigango, kanisa dogo la kijiji, matumbo matupu, nguo za Pasaka mwilini, wengine na viatu ambavyo mara ya mwisho vilitoka nje siku ya ndoa ya mtoto wa kwanza. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, Bibi Scolastica, alikuwa bado njiani kutoka ng'ambo ya bonde, na hilo halikumshtua mtu, kwa sababu Bibi Scolastica hutembea kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

Joyness alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kile cha Keza. Miaka ishirini na sita, kidato cha nne, fulana ya bluu ya mradi, na begi lenye mashine mbili, moja ya presha na moja ya sukari. Kila mwezi aliwakusanya wazee uwanjani, akawanyoosha viungo, akawapima, akawapa chai, akawarudisha nyumbani. Kikundi kilisajiliwa kwa jina la Uzee Mwema. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walikiita Timu ya Taifa, na siku za mazoezi walipita taratibu makusudi wauone mguu wa Mzee Juvenali ukipanda juu na kukataa kushuka.

Mwanzoni wazee walikuja kwa kusuasua. Ndipo Joyness akabuni jambo lake. Alichukua karatasi ya manila, akaandika majina yote kwa mpangilio wa sukari ya asubuhi, mwenye namba ndogo juu, mwenye namba kubwa chini, akaibandika kwenye mlango wa kigango kama matokeo ya mtihani. Wa kwanza alipigiwa makofi. Wa mwisho alipigiwa pia, ila yale ya pole. Watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona jina lao ubaoni walilipenda jambo lile kupita chai. Mzee Kazimili, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe sita na utani usiohesabika, aliposhika nafasi ya tatu alimwita mke wake kutoka shambani aje asome, ilhali mke mwenyewe hajui kusoma.

Na namba zikaanza kushuka. Mwezi wa pili zilishuka kidogo, mwezi wa tatu zilishuka kama maji ya maporomoko ya Rusumo. Joyness akayashukuru mazoezi, akaandika kwenye taarifa yake maneno makubwa. Mmoja tu ndiye aliyeharibu hesabu, Bibi Tecla, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na ugonjwa wa sukari wa kweli na ndiye pekee aliyepewa vidonge. Yeye sukari ilipanda tu. Zahanati wakamwongezea dawa, ikapanda, wakamwongezea tena. Waliosoma taarifa ile walivutiwa mno na hao kumi na mmoja wengine, wakasema tutakuja kuwaona kwa macho. Ndiyo wageni wenyewe hao.

Saa tatu simu ikaita. Wageni walikuwa bado Rusumo mpakani, wamepitia kikundi kingine, halafu malori yamefunga barabara. Joyness akawaambia wazee wavumilie kidogo, wasile kitu kabla ya vipimo, maana wageni wanataka kuona sukari ya mtu ambaye hajala. Wazee wakaitikia. Nyuma ya kigango Bibi Domisiana, mkuu wa jiko, alikuwa na sufuria mbili za ndizi na birika la chai, na harufu ilikuwa inakuja kuwatesa bila huruma.

Saa nne kasoro, Mzee Kazimili alikuwa anasimulia kisa cha mkwe wake na fisi. Alifika pale fisi anapobisha hodi, akanyamaza. Watu wakasubiri. Kazimili kuacha utani katikati ni kama redio kufa katikati ya penalti. Kila mtu alimgeukia. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka chini ya kofia, na mikono yake ilikuwa inacheza juu ya fimbo.

"Joyness, mwanangu," alisema polepole. "Hili benchi linatembea."

Eustakia, mwanamke aliyekaa jirani yake, akacheka akasema mzee ameanza ngoma kabla ya wageni. Joyness hakucheka. Alichukua kidole cha Kazimili, akakichoma, akaweka tone la damu kwenye kile kipande cha kupimia. Mashine ikahesabu sekunde zake. Mbili nukta tisa.

Alidhani mashine imeharibika. Akachukua kidole cha Eustakia, ambaye bado alikuwa anacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa kimeanza kuchelewa. Tatu nukta mbili. Juvenali, tatu nukta nne. Joyness akakumbuka. Kwenye mafunzo waliambiwa: ikishuka chini ya nne, hiyo siyo habari njema tena, huyo mtu anahitaji sukari sasa hivi. Na mtu mwenye afya hafiki huko kwa kukosa chai ya asubuhi. Kuna kinachomshusha.

"Wazee wangu, mmekunywa nini leo?"

Ilikuwa kama darasa ambalo mwalimu ameokota karatasi chini ya dawati. Watu wazima, wenye wajukuu na vitukuu, wakatazama viatu vyao vya arusi. Kisha, bila kupanga, macho yakaanza kwenda upande mmoja, moja baada ya jingine, mpaka yote yakamfikia Bibi Tecla.

Tecla akajifunga kanga upya. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alisema ndiyo, vidonge ni vyake, na amewagawia. Mwezi wa pili alianza na wawili, wakafaulu, wengine wakasikia. Zamani aliwakatia nusu nusu, lakini jana jioni, kwa kuwa wageni wanakuja na zahanati wamemwongezea vingi, akawapa kimoja kimoja, wanywe alfajiri.

"Bibi, dawa ile ni yako wewe," Joyness alisema. "Imeandikwa jina lako."

"Kwa hiyo nile peke yangu?" Tecla aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mimi nipewe, wenzangu wanatazama? Tangu nizaliwe hapa sijakula kitu nyuma ya mlango. Dawa ni ya mradi, na mradi ni wetu sote."

Juvenali akaongeza kwa upole kwamba wao hawakutaka sifa. Walisikia wageni wakiona namba mbaya watamnyang'anya Joyness fulana. Wakasema binti yetu tusimwaibishe.

Joyness alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Keza ina mambo yake, haipasuki kwa kuombwa. Kwa hiyo miezi yote ile walikuwa wanafaulu kwa dawa, na hakuna aliyeanguka kwa sababu alikuwa anawapima mapema na kuwapa chai papo hapo. Leo dozi imeongezeka, na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, amewafungia chakula mpaka saa nne.

Alikimbia jikoni. Akamwambia Bibi Domisiana amimine chai, sukari vijiko vitano kila kikombe, na ndizi zipakuliwe zote. Domisiana akaweka mkono juu ya mfuniko. Chakula kile ni cha wageni, alisema, na wageni hawajakigusa; atakuwa mwanamke wa namna gani wa kuwapa wageni makombo?

"Bibi Domisiana, tukiwasubiri wageni, watakula cha msiba."

Domisiana alimtazama usoni, akaondoa mkono.

Wakala. Walikula kwa aibu kwanza, kisha bila aibu. Kazimili alimaliza kikombe, akamaliza cha pili, na baada ya robo saa akauliza wamefika wapi kwenye kisa cha fisi. Joyness alipima kila kidole, akarudia, akaandika. Nne nukta nane. Tano. Tano nukta mbili. Pumzi ilikuwa inaanza kumrudia alipokumbuka kuhesabu vidonge.

"Bibi Tecla. Jana uligawa vingapi?"

Tecla akahesabu kwa vidole, akitaja majina. Hapa uwanjani walikuwa saba waliopewa. Vidole viliendelea. "Na Scolastica viwili."

"Viwili?"

"Mwezi uliopita alikuwa wa mwisho, mwanangu. Alilia njia nzima. Nikasema huyu tumsukume kidogo."

Bibi Scolastica, ambaye uzito wake wote haukuzidi nusu gunia la maharage. Hana simu. Anaishi na mjukuu ambaye wiki hiyo alikuwa Biharamulo kwenye mavuno. Amekunywa vidonge viwili alfajiri, hajala, na ameanza kutembea. Saa kumi na moja? Saa kumi na mbili? Mwendo wake ni wa saa mbili. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

Joyness alimwachia Domisiana maagizo huku akifunga begi: mtu asiondoke, mtu asilale, kila nusu saa wale kitu, na ampigie Nesi Secilia wa zahanati amweleze yote bila kuficha hata neno. Akachukua chupa ya chai, kikombe, kijiko na pakiti ya sukari, akatoka mbio hadi kijiweni. Kijana wa bodaboda aitwaye Wiston alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akaanza kumuuliza kama leo Timu ya Taifa ina mechi ya nje, akamwona uso, akawasha pikipiki.

Njia ya kushuka bondeni ni ile ya miguu, pikipiki huipita kwa ubishi tu. Mvua ya juzi ilikuwa imeiacha utelezi. Wiston alishusha miguu yote miwili akawa anatembea na pikipiki badala ya kuiendesha, na Joyness nyuma alikuwa anatazama kulia na kushoto mpaka shingo ikauma. Migomba, mibuni, migomba. Kila kitambaa cheupe kilikuwa Scolastica, na kila mara kilikuwa kitambaa tu, kimeanikwa uani kwa mtu.

Kwenye kivuko cha magogo walikutana na wanawake wawili wenye viazi vitamu kichwani. Joyness alisalimia kwa haraka isiyo ya heshima, akauliza kama wamemwona bibi mwembamba, kitenge cha njano. Wanawake wakatazamana, wakaanza kucheka.

"Yule wenu leo ameamkia rubisi," mmoja akasema. "Amekumbatia mgomba, anauamkia shikamoo. Tukamwambia bibi, mgomba ni mdogo kwako, wewe ndiye uitikie marahaba."

"Yuko wapi?"

"Kwenye mibuni ya marehemu Pancras, pale juu. Tulimlaza kivulini pombe imtoke."

"Lini?"

Kicheko kikawaishia. Saa nzima sasa, walisema. Labda zaidi.

Joyness hakumbuki walivyopanda ule mlima. Anakumbuka tu alikuwa anaongea peke yake mgongoni mwa Wiston, akirudia alichofundishwa: aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu, utamuua wewe mwenyewe. Aliyezimia mpake sukari ndani ya shavu, mlaze ubavu, mkimbize. Anayeweza kumeza, mpe anywe. Anayeweza kumeza. Mungu, awe anaweza kumeza.

Alikuwa amelala ubavu chini ya mbuni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Kitenge cha njano kilikuwa kimelowa jasho kana kwamba amevuka mto nacho. Joyness akapiga magoti, akamwita. Macho yalifunguka, yakamtazama kama mtu anavyotazama ukuta.

"Bibi Scolastica. Shikamoo, bibi."

Midomo ikatikisika.

"Marahaba."

Joyness alikaribia kulia kwa neno lile moja. Akamkalisha, Wiston akamshika mgongo. Akampa tone la chai kwenye ncha ya kijiko, akaona koo linapanda na kushuka. Anameza. Akajaza kikombe, akakipeleka mdomoni, na hapo Bibi Scolastica akafunga meno.

Joyness akasukuma. Bibi akageuza uso. Mkono wake mwembamba ulipata nguvu ya kukisukuma kikombe, na nusu ya chai ikamwagika kwenye majani makavu.

"Sijapimwa," alisema.

"Bibi, kunywa kwanza."

"Dokta alisema tusile. Mpaka tupimwe."

"Dokta ndiye mimi. Mimi ndiye niliyesema. Sasa nasema unywe."

Scolastica alimchunguza kwa jicho moja, lingine lilikuwa limeshachoka. "Wewe siyo," akasema. "Wewe ni shetani wa njaa." Akafunga meno tena, na kichwa kikaanza kulala begani.

Wiston akasema kwa sauti ya chini tumfungue mdomo kwa nguvu. Joyness akakataa. Aliiona chai ikiingia pabaya, aliona kifua kile chembamba kikikohoa mara moja na kunyamaza. Akachota sukari kwa kidole, akampaka ndani ya shavu. Bibi akaitema. Akampaka tena. Akaitema tena, kwa uaminifu ule ule, mwanafunzi bora ambaye mwalimu yeyote angempenda. Macho yalikuwa yanaanza kupinduka.

Ndipo Joyness akafungua begi. Wiston akamfungulia kile kikopo cha vipimo. Akaitoa mashine, akaiweka mahali ambapo jicho moja la bibi lingeiona, akapangusa kidole kwa pamba, polepole, kama afanyavyo uwanjani, na kusema maneno ya uwanjani, yale yale ya kila mwezi.

"Jina kamili?"

Jibu likatoka mbali: "Scolastica."

"Umekula chochote leo?"

"Hapana."

"Vizuri. Utasikia kama siafu."

Akachoma. Damu ilitoka kwa uvivu. Mashine ikahesabu, sekunde tano ndefu kuliko safari yote. Moja nukta tisa. Joyness aliifunika kwa kiganja kabla Wiston hajaiona, kana kwamba kuonwa kungeishusha zaidi.

"Tayari, bibi. Umepimwa. Sasa unaruhusiwa."

Jicho likamtafuta. "Ngapi?"

Angeweza kusema lolote. Aliyeuliza asingelikumbuka. Lakini Joyness alikuwa amewadanganya watu kwa namba nzuri miezi miwili bila kujua, na sasa anajua, na ulimi ukamgomea.

"Ndogo kuliko zote," alisema.

Kitu kikapita usoni pa Bibi Scolastica. Kwa mtu mwenye nguvu zaidi kingekuwa tabasamu. Meno yakaachana. Joyness akaweka kikombe, bibi akanywa funda, akapumzika, akanywa funda, na Joyness alikuwa anahesabu kila funda kwa sauti kama mtoto anayejifunza namba. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Wiston alikuwa ameshika chupa ya chai, akimimina kila kikombe kilipoisha.

Baada ya dakika kumi, mbili nukta nane. Baada ya nyingine kumi, tatu nukta tisa, na bibi akauliza kiatu chake kiko wapi na kwa nini dereva wa bodaboda amemkumbatia. Wiston akaruka nyuma kama ameungua.

Walimpeleka zahanati akiwa katikati yao kwenye pikipiki, amefungwa kwa kitenge chake mwenyewe mgongoni mwa Wiston. Nesi Secilia alikuwa ameshatandika kitanda. Joyness alitegemea kusikia kwamba yameisha. Badala yake Secilia akamvuta pembeni akamweleza kwamba dawa ile ni ya kukaa mwilini, kwa mtu mzee tena mwembamba inaweza kumshusha tena mchana, ikamshusha tena jioni, na kwamba kupanda kwa sasa ni kwa chai tu. Atawekewa maji ya sukari kwenye mshipa. Atapimwa kila saa mpaka kesho. Wale saba wa uwanjani nao waletwe wote, hata wanaosema wamepona, na gari limeshaombwa.

"Nani aliwaambia wanywe?" Secilia akauliza, kalamu mkononi.

"Andika mimi," Joyness akasema. "Sikuwaambia wanywe. Niliwabandika mlangoni kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa mwisho, wao wakatafuta njia ya kupanda. Na Bibi Tecla alikuwa anakosa dawa yake mwenyewe, ndiyo maana ilikuwa haishuki. Mlimwongezea bure."

Secilia aliacha kuandika. Alionekana anarudi nyuma miezi miwili kichwani mwake, kadi ya Tecla, dozi aliyoipandisha kwa mkono wake. Kisha akainamisha kichwa, akaandika, na haikuwa kidogo.

Simu ya Joyness ikaita. Wageni. Wamefika uwanjani, walisema kwa furaha, mbona wamekuta masufuria matupu na wazee wanapandishwa kwenye gari? Je, ni sehemu ya maonyesho?

Joyness alitazama kitanda. Bibi Scolastica alikuwa amelala, maji ya sukari yakidondoka taratibu kwenye mshipa, na Joyness hakuupenda ule usingizi. Ulikuwa na jasho jipya juu ya mdomo. Akawaambia wageni waje zahanati wasikie wenyewe, atawaeleza kila kitu, ila siyo sasa. Hakusubiri jibu. Akakata, akachukua kidole cha bibi.

Tatu nukta moja. Ilikuwa inashuka.

Akamwita Secilia, ambaye alikuja mbio na kufungua maji yaende haraka. Joyness akamwamsha bibi kwa kumpapasa shavu, akavunja ndizi mbivu vipande vidogo, akakishika cha kwanza karibu na midomo, akasubiri. Nje gari lilikuwa linaingia, na sauti ya Mzee Kazimili ilikuwa inabishana na mtu kuhusu nani alale kitanda cha dirishani.

"Bibi. Fungua. Kula."

Mdomo ukafunguka.